Dondoo muhimu: Chambo bandia kwa samoni na besi

Samoni anayepanda Mto Columbia, Marekani, kwenda kutaga huwa ameshaacha kula. Hudaka chambo kwa hasira au mazoea, si kwa njaa. Kwa hiyo chambo cha umbo la kijiko, cha chuma kinachong'aa, hurushwa kukatisha mkondo, kikaachwa kisombwe karibu na sakafu ya mto, mshipi ukivutwa polepole. Haraka ndiyo kosa kubwa hapa. Besi naye hujibanza nyuma ya mawe akivizia samaki wadogo. Chambo laini cha mpira kinachorukaruka chini humtoa mafichoni. Ndoana hujaribiwa kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, inolewe. Samoni mwenye pezi dogo la mgongoni, jirani na mkia, huhesabiwa kuwa wa asili, na kwa kawaida sheria humtaka mvuvi amrudishe majini.