Seva nzito: mwenye ghala aanzie wapi?

Makambako ni njia panda. Barabara ya Njombe na Songea huingia hapo katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Lori la mbao au viazi lililotoka Njombe, umbali wa kilometa 60 hivi, haliondoki ghalani mpaka ankara itoke. Ndiyo maana seva, yaani kompyuta inayotunza hesabu za ghala na kuzigawia kompyuta nyingine za ofisi, inapokuwa nzito, hasara huonekana kwanza uani. Dereva anangoja, wapakiaji wanangoja, na viazi vinapata joto chini ya turubai.

Mara nyingi kinachofuata ni manunuzi ya haraka. Fundi hutazama, husema mashine imechoka, na mwenye mali hutoa fedha. Baada ya miezi michache uzito unarudi. Aghalabu mahali pa kuchunguza ni diski, na swali la msingi ni moja: je, diski imezidiwa na kazi, au inakufa? Iliyozidiwa hupoteza muda tu. Inayokufa huweza kuondoka na daftari zima la wadaiwa.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza si kupima wala kusafisha. Ni kunakili hesabu zote kwenye diski nyingine ya nje, na kuhakikisha kwamba nakala hiyo inafunguka. Fundi anayeanza kwa kuendesha programu za kurekebisha diski kabla ya kunakili azuiwe.

Diski ya kawaida ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kichwa huhitaji milisekunde 8 au 9 kufika kwenye mstari unaotakiwa, kisha wastani wa milisekunde 4 kungoja sahani izunguke. Kwa hiyo diski hiyo humudu safari 80 hivi kwa sekunde, basi. Inaposoma faili moja kubwa mfululizo hufikisha megabaiti 150 na zaidi kwa sekunde, lakini hesabu za ghala si faili moja. Ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Mathalani, ankara moja ikihitaji safari 40 na makarani wanne wakabonyeza pamoja, zinakuwa safari 160, sawa na sekunde mbili. Antivairasi ikianza ukaguzi wake saa hiyo hiyo, ankara hukaa foleni nyuma yake.

Hivyo mwenye ghala aulize makarani: uzito ni wa saa zipi? Ukija saa nne asubuhi kila siku, huenda ni antivairasi au kazi ya kunakili iliyopangwa vibaya, na dawa yake ni kuihamishia usiku. Haina gharama. Kama seva ina memori ndogo, kompyuta hugeuza diski kuwa memori ya pili, na taa ya diski huwaka bila kuzima hata pale ambapo makarani wamekaa kimya. Hapo kuongeza memori husaidia kuliko kubadili diski.

Baada ya hapo ndipo vipimo. Kwenye Windows kuna Resource Monitor, na kwenye Linux amri ya iostat -x. Namba ya kutazamwa ni muda wa kila ombi. Milisekunde 10 hadi 20 ni kawaida kwa diski ya sahani. Ikidumu juu ya 50, kuna foleni. Lakini muda ukiwa mrefu ilhali maombi ni machache, diski inashukiwa. Diski hujiandikia taarifa za afya, ziitwazo SMART. Idadi ya vipande vilivyohamishwa na vinavyosubiri kuhamishwa ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski ibadilishwe bila mjadala. Diski ya bei nafuu ikikuta kipande kibovu hurudia kukisoma kwa sekunde nyingi, na ofisi nzima huganda. Hata hivyo, kama kinachopanda ni makosa ya mawasiliano tu, waya ubadilishwe kwanza. Ni wa bei ndogo.

Mazingira ya Njombe yana neno lake. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lakini diski nyingi huruhusiwa hadi mita 3,000 hivi, kwa hiyo kimo si kosa. Baridi ya Juni na Julai ndiyo ya kuangaliwa, kwani diski nyingi hazitakiwi kuwashwa chini ya nyuzi 5. Chumba kipate joto kwanza. Vumbi la mbao haliingii kirahisi ndani ya diski kama wengi wanavyodai. Huziba feni, na joto hupanda.

Mtikisiko ni jambo jingine. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva, na vipimo vikaonyesha muda wa maombi ukipanda papo hapo. Sasa seva iliyowekwa ukuta mmoja na msumeno wa mbao au jenereta ipate nini? Kuihamishia chumba kingine ni jaribio la bure, na lifanywe kabla ya kufungua pochi.

Ikibidi kununua, SSD haina sahani wala kichwa, na humudu maelfu ya safari kwa sekunde. Kwa hesabu za ghala hiyo ndiyo inayofaa. Anayetaka diski ya sahani aulize kama mistari yake imepandishwa juu ya mingine, yaani SMR, maana hizo huchelewa sana zikiandikwa mfululizo. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za aina hiyo, baada ya wateja kulalamika. Diski ya zamani isitupwe wala kuuzwa hadi hesabu za mwezi zifungwe kwenye mpya na kulinganishwa.