SOMO LA AFYA KAZINI: MAUMIVU NI TARISHI



Mwenzetu akijikata kwa panga au akibanwa kidole na mashine, nyapara humwuliza: "Inauma?" Akijibu kuwa haiumi sana, huambiwa aendelee na kazi. Somo hili linaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi.

1. Habari hupatikana wapi?
Ndani ya ngozi, misuli na viungo mna ncha za mishipa ya fahamu. Ncha hizo hugundua hatari: moto, mkato, kubanwa, au dawa kali kama asidi.

2. Habari husafirije?
Husafiri kwa umeme mdogo hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Mishipa ya haraka huipeleka kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Hayo ni maumivu makali ya kwanza. Mishipa ya polepole haizidi mita 2 kwa sekunde. Huleta maumivu ya kuunguza yanayofuata. Ukigusa bomba la moto, uti wa mgongo hauondoi mkono kwa amri ya ubongo. Huuondoa wenyewe, kabla hujasikia uchungu.

3. Habari hupunguzwaje?
Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna kama lango. Ukisugua mahali ulipojigonga, habari za kusugua huzuia za maumivu. Ubongo nao huweza kufunga lango hilo. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, walitangaza kuwa ubongo hutengeneza dawa yake yenye nguvu kama mofini. Katika vita vya Italia mwaka 1944, daktari Henry Beecher aliona askari wengi wenye majeraha makubwa wasiotaka mofini.

4. Tumejifunza nini?
Tarishi anaweza kuzuiwa njiani, na jeraha likabaki pale pale. Kwa hiyo:
(a) Kila ajali iandikwe siku ile ile, hata kama haiumi.
(b) Ganzi ya vidole si kupona. Huenda mshipa wa fahamu umeumia. Nenda zahanati.
(c) Kidonge hutuliza maumivu tu. Hakitengenezi mashine mbovu.

Maswali ya kujadili tawini:
Je, kazini kwenu kipo kitabu cha ajali? Nani hukiandika? Na mfanyakazi huruhusiwa kukisoma?