Shairi Fupi la Mazingira: Kutunga na Kuchora Ukiuguza Jeraha

Utangulizi

Chukulia kwamba uko kidato cha nne, muhula wa pili, na mguu umevunjika. Huenda uliumia uwanjani ukicheza kandanda, au ulianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kitale kuelekea Webuye. Wenzako wanadurusu darasani. Wewe uko nyumbani, mguu umeinuliwa juu ya mto, na kilichobaki cha kutazama ni dirisha.

Shairi halimuungi mtu mfupa. Kazi hiyo ni ya daktari, mapumziko na mazoezi utakayoagizwa. Hata hivyo, siku za kulala zinaweza kukufunza jambo ambalo watahiniwa wengi hulikosa: shairi fupi halitaki uone mengi, linataka uone kitu kimoja sawasawa, kutoka pale ulipo. Ukijua kutunga hivyo, utajua pia kusoma shairi usilowahi kuliona katika Karatasi ya Tatu (102/3).

Waliofanya kazi wakiwa kitandani

Masaoka Shiki (1867–1902), mshairi wa Japani, aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miaka yake ya mwisho aliishi kitandani nyumbani kwake Tokyo, akitazama bustani ndogo. Aliendelea kutunga haiku, yaani mashairi mafupi yenye vipande vitatu vya silabi 5, 7 na 5. Mwaka wa 1902, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 34, alichora pia matunda na maua kwa rangi. Alisisitiza kwamba mshairi, kama mchoraji, aanze na kile anachokiona.

Frida Kahlo wa Meksiko alikuwa na miaka 18 basi alilopanda lilipogongana na tramu mwaka wa 1925. Aliumia vibaya, uti wa mgongo ukiwemo. Alitengenezewa ubao maalumu wa kuchorea akiwa amelala, na kioo kikawekwa juu yake. Kwa kuwa alichokiona zaidi ni uso wake, aliuchora uso huo.

Zingatia: Shiki alikuwa na bustani, Kahlo alikuwa na kioo. Hakuna aliyesubiri apone ndipo apate cha kusema.

Mfano wa kwanza

Kiswahili kina bahari zake fupi: tathnia yenye mishororo miwili katika ubeti, na tathlitha yenye mitatu. Soma ubeti huu:

KIOTA

Dirishani nimelala, mguu wamenifunga,
Mnana hata hajala, majani anayafunga,
Cha jana chini chalala, leo kingine ajenga.

Uchambuzi

*Umbo.* Ni tathlitha kwa kuwa ubeti una mishororo mitatu. Ni mathnawi kwa kuwa kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani 8. Kina cha ukwapi ni -la na cha utao ni -nga. Usiandike kwamba ni mtiririko. Bahari hiyo huthibitishwa kwa vina vinavyofanana katika beti zote, na hapa tuna ubeti mmoja tu.

*Nafsineni.* Ni mtu aliyeumia mguu. Ushahidi ni "mguu wamenifunga".

*Takriri.* Mzizi "-funga" umetumika mara mbili. Mgonjwa amefungwa, naye ndege anafunga. Vivyo hivyo "-lala": mgonjwa amelala dirishani, na kiota cha jana kimelala chini. Mshairi hasemi popote kwamba atapona. Anamweka mgonjwa kando ya mnana na kumwachia msomaji kazi ya kuoanisha. Maudhui ya subira na bidii yamebebwa na takriri hiyo.

*Idhini ya mshairi.* Kuna inkisari katika "ajenga" badala ya "anajenga", ili mizani isizidi. Kuna kuboronga sarufi katika "mguu wamenifunga" badala ya "wamenifunga mguu", ili kina kipatikane.

Mahali ni ushahidi

Mlima Elgon huonekana kutoka Kitale na pia kutoka Bungoma, lakini hauonekani vilevile. Kitale iko mashariki mwa mlima, kwa hiyo jua huzama upande wa mlima. Bungoma iko kusini mwake, kwa hiyo mlima uko kaskazini na jua huzama pembeni. Mwanafunzi wa Bungoma akiandika kwamba jua limejificha nyuma ya Elgon, ameandika alichosikia, si alichokiona. Yeye ana mengine ya kweli: shamba la miwa, au maji ya Mto Nzoia yakiporomoka Nabuyole, karibu na Webuye. Wa Kitale ana mahindi yanayobadilika rangi tangu mvua za masika hadi mavuno.

Hatua za kufuata

1. Chagua kitu kimoja kinachoonekana kutoka kitandani: tawi, kuku, wingu, tone la mvua.
2. Kichore kwa penseli kwa dakika kumi. Usijali uzuri wa mchoro. Mkono unaochora hulazimisha jicho liangalie. Utagundua, kwa mfano, kwamba kiota cha mnana mlango wake uko chini.
3. Andika sentensi mbili za nathari kuhusu ulichogundua. Epuka maneno kama "maridadi" na "ya kupendeza", kwani hayaonyeshi kitu.
4. Zigeuze sentensi ziwe tathnia au tathlitha. Hesabu mizani kwa vidole.
5. Ukiwa umeumia mkono wa kuandikia, tunga kichwani, kisha umwombe ndugu yako akuandikie. Vina na mizani husaidia kukumbuka.

Zoezi

Soma shairi hili kisha ujibu maswali.

MAGHARIBI, KITALE

Jua linapozamia, mlima huwa mweusi,
Kivuli chanifikia, magongo hayana kasi.

(a) Bainisha bahari mbili za shairi hili. (alama 4)
(b) Nafsineni ni nani? Thibitisha. (alama 2)
(c) Eleza aina mbili za taswira zilizotumika. (alama 4)
(d) Onyesha idhini moja ya mshairi. (alama 2)
(e) Andika shairi hili katika lugha ya nathari. (alama 4)
(f) Kwa nini shairi hili lisingefaa kuitwa "Magharibi, Bungoma"? (alama 4)

Mwongozo wa majibu

(a) Tathnia: mishororo miwili. Mathnawi: vipande viwili katika kila mshororo.
(b) Mtu aliyeumia anayetembelea magongo: "magongo hayana kasi".
(c) Taswira ya mwono: mlima kuwa mweusi. Taswira ya mwendo: kivuli kinachomfikia nafsineni.
(d) Inkisari: "chanifikia" badala ya "kinanifikia".
(e) Jua linapotua, mlima huonekana mweusi. Kivuli chake hunifikia kabla sijafika ninakokwenda, kwa sababu natembea polepole kwa magongo.
(f) Rejelea sehemu ya "Mahali ni ushahidi", kisha ujibu kwa maneno yako mwenyewe.

Ukimaliza, funga kitabu, geukia dirisha lako na utunge ubeti mmoja. Kesho tunga mwingine.