Pikapu Inayonuka Petroli: Kijitabu cha Kaya

Kabla ya yote
Chupa ya maji haiwekwi petroli. Neno hili utalikuta tena na tena humu, nasi hatuombi radhi. Tumechoka kupokea watoto wanaokohoa na kuhema kwa shida kwa sababu walikuta chupa ya maji garini wakanywa.

Harufu ni onyo
Pikapu nzima, hata iwe kuukuu, hainuki petroli ndani. Ikinuka, mafuta yanavuja au yamemwagika. Kichwa kikiuma, macho yakiwasha, ukihisi kichefuchefu au kizunguzungu: simama, zima gari, shukeni wote. Usiseme umeizoea harufu. Pua ndiyo iliyochoka. Hewa bado mbaya. Na mvuke wa petroli hukaa chini, pale mnapomlaza mtoto miguuni kwenye safari ndefu.

Manukato ya gari
Yanaficha, hayaondoi.

Tafuta chanzo
Anza chini ya kiti. Humo ndimo madereva huweka "akiba". Jua likipiga, chupa huvimba na kizibo huvuja. Itoe. Chupa ya maji haiwekwi petroli, wala petroli haisafirishwi ndani pamoja na watu, hata kama mnakwenda shambani tu.

Kisha angalia mfuniko wa tanki, mpira wa mdomo wa tanki, mipira ya mafuta chini ya gari na ile inayoingia kwenye kabureta. Tumia tochi. Usiwashe kiberiti kutafutia uvujaji. Wapo waliofanya hivyo. Mpira wenye nyufa hubadilishwa, haufungwi utepe. Kipande cha sabuni kilichosiribwa kwenye tanki kisikufanye ulale usingizi: mpelekee fundi. Na fundi asichomelee tanki kwa kuwa tu halina mafuta. Tanki tupu lenye mvuke hulipuka.

Kusafisha
Egesha nje penye upepo, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Fungua milango yote. Mwagia mchanga mkavu au vumbi la mbao palipolowa, acha vinyonye, zoa. Sugua kwa maji na sabuni ya unga, suuza, anika zulia juani. Rudia mpaka harufu iishe. Sponji la kiti lililolowa kabisa, litupe. Utalifua mpaka uchoke. Matambara yatandaze nje yakauke, usiyarundike ndani. Maji machafu yasielekee kisimani.

Kunyonya petroli kwa mpira na mdomo
Acha. Nunua pampu ya mkono.

Mtu akimeza petroli
Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia wala maji ya chumvi ili atapike. Petroli ikipanda tena huingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mwahishe kituo cha afya na useme wazi kwamba ni petroli. Hata akiwa anacheza, mpeleke: kikohozi na kuhema vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Usimtapishe.

Moto
Tokeni, sogeeni mbali, pigeni 114. Usimwagie maji petroli inayowaka. Usirudi kuokoa gari. Na lori la mafuta likipinduka, kimbia usichote: Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota.

Akiba ya nyumbani
Nyumba isiyo na jenereta wala mashine ya maji haina haja nayo. Kama huna budi, tumia dumu maalumu la mafuta lenye mfuniko unaokaza, liandike PETROLI kwa herufi kubwa, likae nje ya nyumba mnayolala, mbali na jiko, mahali penye kufuli. Chupa ya maji haiwekwi petroli, hata nusu lita, hata kwa usiku mmoja, hata juu ya kabati.

Chupa iliyokwisha kutumiwa hivyo usiioshe ukairudisha jikoni. Ikiwa tupu, itoboe ndipo uitupe.