SOMO: Bibi akitoka kwenye matunzo ya kansere

Soma: Isaya 38:1-5, 21; Waefeso 5:28-29

Wagonjwa wetu wa kansere huenda mbali kutafuta dawa: Kampala ao Butaro, Rwanda, ambako kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012. Mama akirudi Mweso tunashukuru Mungu, lakini kazi za nyumba zinamngojea. Basi baba, shika mambo matatu.

1. Mizigo. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20. Mkono wa upande aliokatwa titi unaweza kuvimba, hata kisha miaka. Afanye mazoezi mepesi aliyoonyeshwa, lakini maji, kuni na kutwanga ni kazi yako na ya watoto mpaka munganga aruhusu. Wenzako wakicheka, ujibu kwamba unatunza mwili wako mwenyewe.

2. Homa. Kisha sindano za kansere, zaidi siku ya 7 mpaka ya 14, damu inapungukiwa nguvu ya kupigana na vijidudu. Homa ikifika 38, usingoje mkesha uishe. Mpeleke hospitali mara moja, useme alipewa dawa gani. Maombi yamfuate njiani.

3. Chakula. Umpe kidogo kidogo, mara nyingi: uji, maharagwe, yai, maji yaliyochemshwa. Akikataa fufu si kiburi. Dawa hubadilisha ladha mdomoni.

Nabii Isaya alimletea Hezekia neno la Mungu, tena akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa havikugombana.

Swali: Juma hili, nani anachota maji nyumbani mwako?