Hapana Kumi: Funzo la Ualimu Kutoka Runinga ya Kizamani

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika shule moja ya kata. Nikaingia Kidato cha Kwanza na somo la vitendawili. Nikatega: "Nyumba yangu haina mlango." Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akajibu: "Kaburi." Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi mwalimu, tai shingoni, nikacheka nao. Kisha nikasema jibu ni yai, nikaandika ubaoni, tukaendelea. Wiki mbili zilipita sikuuona tena ule mkono.

Kilichonifanya nijione mjinga si kitabu wala lekcha. Ni kipindi cha runinga cha Marekani kilichofungwa mwaka 1967, miaka mingi kabla sijazaliwa. Najua unajiuliza hayo yanahusiana vipi. Vumilia, tutafika.

Kipindi chenyewe

Kule kijijini jioni hakuna pa kwenda, na bando la usiku ni la bei nafuu. Nilikuwa natafuta video za mbinu za kuuliza maswali darasani, nikaangukia kipindi kisicho na rangi kiitwacho What's My Line?, yaani kama kusema "Kazi yangu ni nini?" Nikatazama kimoja, kikafuata cha pili, mpaka simu ikazima chaji. Tangu siku hiyo nawakumbuka watu wale kama mtu anavyowakumbuka wajomba na mashangazi waliokuwa wakija nyumbani Jumapili.

Kilianza kurushwa na CBS mwezi Februari 1950 na kilidumu miaka 17 na ushee. Mchezo ni mwepesi. Mgeni, mtu wa kawaida kabisa, anaingia na kuandika jina lake ubaoni kwa chaki. Watazamaji wanaonyeshwa kazi yake, lakini jopo la watu wanne mashuhuri halionyeshwi. Jopo linauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana tu. Ukipata ndiyo, unaendelea kuuliza. Ukipata hapana, zamu inakwenda kwa mwenzako na mgeni anapata dola 5. Hapana zikifika kumi, jopo limeshindwa na mgeni anaondoka na dola 50. Basi. Hakuna gari, hakuna nyumba.

Mwisho kulikuwa na mgeni wa siri, mtu maarufu. Hapo jopo lilifungwa vitambaa usoni, na mgeni akabadilisha sauti ili asijulikane. Vicheko vya pale ndivyo vilivyonimalizia bando.

Mastaa waliokubali kutojua

Mwendeshaji alikuwa John Charles Daly, mwandishi wa habari aliyewatangazia Wamarekani shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941. Kwenye jopo, watatu ndio waliokaa kwa muda mrefu zaidi. Dorothy Kilgallen alikuwa mwandishi wa magazeti, na aliuliza kama mtu anayehoji shahidi mahakamani. Arlene Francis alikuwa mwigizaji, mcheshi, na shingoni karibu kila mara alivaa kidani chenye umbo la moyo. Bennett Cerf alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vitabu ya Random House. Huyo ndiye mchapishaji aliyekwenda mahakamani kutetea riwaya ya James Joyce, Ulysses, na mwaka 1933 akashinda. Kwenye runinga alikuwa mzee wa kuchezea maneno tu.

Sasa angalia jambo hili. Hawa ni wasomi na watu wa majina makubwa, wanaume kwa suti za heshima, wanawake kwa magauni ya jioni. Wanakaa mbele ya mamilioni ya watu na kazi yao ni moja: kutojua. Wanauliza, wanapigwa hapana, wanacheka, wanampisha mwenzao. Wakishindwa, wanampongeza mgeni. Siku hizi jopo la mastaa kwenye runinga mara nyingi ni jopo la majaji, la kumwambia kijana kama anafaa au hafai. Jopo la Daly halikumhukumu mgeni. Lilimtafuta.

Na muda ulipokuwa unawakimbia, Daly alizipindua kadi zote kwa mkupuo na kumpa mgeni dola zake 50 zote. Hakuna aliyelalamika.

Funzo la kwanza: swali lina ngazi zake

Mwaka 1953 mchekeshaji Steve Allen, akiwa kwenye jopo, aliuliza kama kitu anachoshughulika nacho mgeni ni kikubwa kuliko kasha la kuwekea mkate. Swali hilo likawa maarufu Marekani nzima. Linaonekana la kipuuzi, lakini pima uzito wake: kwa kutumia kitu ambacho kila jikoni kipo, limegawa vitu vyote vya dunia katika mafungu mawili.

Jopo halikuanza kwa kubahatisha jibu. Lilianza juu: ni bidhaa au ni huduma? Kisha likashuka: kinatumiwa na wanaume na wanawake? Kipo humu ndani? Kila ndiyo ni ngazi moja. Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa kuandaa maswali kwenye andalio la somo. Lakini mara ngapi tunamfundisha mwanafunzi kuuliza? Mimi nilitega kitendawili nikasubiri jibu moja la kitabuni. Sikumpa mtu nafasi ya kuuliza hata kama nyumba hiyo ni ya mtu au ya mnyama.

Funzo la pili: jihadhari na "ndiyo" nyingi

Mwaka 1957 mgeni wa siri alikuwa Salvador Dalí, mchoraji wa Kihispania mwenye masharubu yaliyosokotwa kwenda juu. Jopo limefungwa macho, linauliza, na Dalí anajibu ndiyo karibu kwa kila kitu. Wewe ni mwandishi? Ndiyo. Unaonekana kwenye runinga? Ndiyo. Una uhusiano na michezo? Ndiyo. Daly ikabidi aingilie kati, maana jopo lilikuwa linapotezwa na ndiyo zenyewe.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Lile ni darasa langu! "Mmeelewa?" "Ndiyoooo mwalimu!" "Kuna swali?" Kimya. Siku ya jaribio nusu ya darasa wanapata chini ya 30. Ndiyo isiyochagua haikuambii chochote. Hapana moja ya kweli ina faida kuliko ndiyo arobaini za adabu.

Funzo la tatu: kila mtu ana kitu anachokijua

Kulikuwa na kipindi ndugu cha hicho, I've Got a Secret, ambacho mgeni alikuja na siri yake. Februari 1956 aliingia mzee wa miaka 95, Samuel Seymour, akitembea kwa shida. Jopo likauliza taratibu, kwa heshima, mpaka likafika: akiwa mtoto wa miaka mitano, mwaka 1865, alikuwemo kwenye ukumbi wa Ford's Theatre usiku ambao Rais Lincoln alipigwa risasi. Miezi miwili baadaye mzee akafariki. Kama asingeulizwa usiku ule, wengi wetu tusingemsikia kamwe.

Pesa na majibu ya kuibiwa

Msidhani runinga ya enzi hizo ilikuwa ya malaika. Miaka hiyohiyo kulikuwa na mashindano ya maswali yenye pesa nyingi. Katika kipindi cha Twenty-One cha NBC, Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alijikusanyia dola 129,000 na kupendwa na nchi nzima kama kijana anayejua kila kitu. Novemba 1959 akakiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa anapewa majibu kabla. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, alikuwa ameingia na desa. Kazi ya Columbia ikaisha. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa kuufanya mchezo huo kuwa kosa.

What's My Line? kikaendelea kwa amani. Kwa dola 50, nani ahangaike kuiba? Na mimi naongeza hili: pale mtu anaposifiwa kwa kuwa na jibu, jibu linaweza kununuliwa. Pale anapopendwa kwa namna anavyouliza, ni vigumu zaidi kumnunulia swali. Wanachuo wenzangu mnaokariri usiku wa kuamkia UE, mnanielewa.

Kurudi darasani

Wiki ya tatu niliacha andalio langu mezani. Nikapanga viti vinne mbele kwa ajili ya jopo, nikaeleza mchezo, nikamwita yule binti awe mgeni. Alisita. Nikamwambia achague kazi yoyote anayoijua vizuri, aniandikie kwenye karatasi. Akaandika: kutengeneza mizinga ya nyuki. Baadaye nikaambiwa ndiyo kazi ya babu yake.

Jopo likaanza. Unafanya kazi ofisini? Hapana. Unatumia mashine? Hapana. Kijana mmoja akauliza, "Kitu hicho ni kikubwa kuliko sufuria?" Wala sikuwa nimewasimulia kisa cha Steve Allen. Ndiyo. "Kinaliwa?"

Binti akanyamaza. Akanigeukia, akauliza: "Mwalimu, chenyewe hakiliwi, ila kinachotoka ndani yake kinaliwa. Nijibu nini?"

Daly alikuwa akikutana na utata wa namna hiyo kila wiki, akainama kunong'ona na mgeni, kisha akatoa maelezo marefu mpaka jopo likacheka. Mimi sikuwa na maelezo marefu. Nilimwambia, "Wewe ndiye mwenye kazi. Sema lililo kweli." Akasema hapana. Hiyo ilikuwa ya saba. Zilipofika kumi, jopo likasalimu amri, na yeye, bila kufundishwa na mtu, akadai: "Nipeni mji!" Wakampa Dodoma, akaukataa. Wakampa Mwanza, akaukubali, ndipo akatufumbulia. Nikampa pipi kumi, moja kwa kila hapana. Akazigawa.

Kengele ilipolia nilimfuata mlangoni, nikamwambia samahani kwa siku ile. Nikamwambia kaburi lilikuwa jibu zuri, kwa sababu kweli ni nyumba na kweli halina mlango. Akasema, "Mimi nilijua, mwalimu."

Sikuwa na la kujibu.

Neno la kufungia

Dorothy Kilgallen alifariki tarehe 8 Novemba 1965, saa chache baada ya kukaa kwenye kiti chake cha Jumapili. Bila yeye kipindi kiliendelea hadi Septemba 1967, na usiku wa mwisho mgeni wa siri alikuwa Daly mwenyewe. Aliyesimamia maswali ya wengine kwa miaka 17 akakaa kwenye kiti cha kuulizwa.

Sisi tunaokwenda kushika chaki tufanye hivyo mapema, tusingoje usiku wa mwisho. Ukienda TP mwaka huu, panga viti vinne. Mwite aliyenyamaza kuliko wote, mwache awe na siri, na wewe kaa upande wa wasiojua. Mtoto akikupa jibu ambalo halimo kitabuni, kabla hujacheka, muulize swali moja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya elimu.