KAMATI NA AMANA YAKE

Ndugu Muislamu, nimeona nyumba ya wakfu ikianguka paa, kwa kuwa kila mjumbe wa baraza alimngoja mwenziwe. Kazi ya wote si ya mtu. Ndiyo sababu ya kuwekwa kamati.

Na mfano mwema tunao. Mwaka 23 wa Hijra (644), Sayyidna Umar (R.A.), hali amejeruhiwa, aliwateua Masahaba sita wamchague Khalifa miongoni mwao, akawapa muda wa siku tatu. Mwanawe Abdullah alihudhuria kwa shauri tu, wala hakuwa na haki ya kuchaguliwa. Ndipo Abdurrahman bin Auf akajitoa katika kuutaka ukhalifa, akaaminiwa kuamua. Akawauliza watu, kisha akambai Sayyidna Uthman.

Basi tuzingatie: wajumbe wawe wachache, kazi iwe moja, muda uwe na mwisho, na mwenye kutaka faida asiwe mwamuzi. Kamati ya wakfu isimpangishe mjumbe wake nyumba. Mshika fedha asiwemo katika kamati ya kukagua hesabu. Na kila kamati irudishe habari barazani, kwani kazi hugawika, ama amana haigawiki; wote wataulizwa.

Wabillahi tawfiq.